Kibao Kipya cha Mtoni

Heron Landing,
Virginia.
12 Mei 2014

Mpendwa binamu Corinne,

U hali gani huko Alaska, na baridi itawaachia lini? Magoti ya shangazi Opal yanasemaje? Sisi huku ni wazima. Mjomba wako Elwood, yaani baba yangu, ni mzima wa kila kitu isipokuwa macho, ambayo sasa hayaoni kabisa, na ulimi wake ndio kwanza unazidi makali.

Nakuandikia kukushukuru. Kibao kimesimama! Wale wa ofisi ya vibao vya historia waliniuliza kama yule mama wa Alaska atapiga simu tena. Nadhani walikubali ili wapumue. Ahsante sana, ndugu yangu.

Unakikumbuka cha zamani, pale njia ya mtoni inapoanzia. Kilisema walowezi wa Kiingereza walishuka hapa kutoka meli ya Good Tidings, wakavuka baridi ya kwanza kwa sala na jasho lao. Baba, enzi macho yake yakiwa bado mazima, hakupita pale bila kupiga honi na kuuliza, "Na mahindi je, walishushiwa na malaika?" Wazee wetu, wenyeji wa mto huu waliowapa mahindi hayo, hawakutajwa hata kwa neno. Kila Siku ya Meli, sikukuu ya kutua kwao, wazao wa walowezi walipotuletea mkate na ile nyama yao ya nguruwe ya kukaushwa, fungu lake alimpa mbwa. Alisema chakula cha watu wasioshukuru hakipiti kooni mwake. Mimi niliona haya, ila sikumlaumu.

Jumamosi kibao kipya kikafunuliwa. Mchungaji alisoma kwa sauti kwamba walowezi wangekufa kwa njaa kama wasingelishwa mahindi na watu wa mto huu. Tukapiga makofi. Baba alikunja mikono.

"Hata kile cha zamani mlikisoma vizuri tu," akasema. "Mimi nataka kukishika."

Herufi za vibao hivi zimeinuka, kidole kinazisoma. Lakini mafundi wa barabara walikuwa wameshakipandisha juu ya nguzo, kama kawaida yao, ili wenye magari wakione. Hakuna kati yetu aliyefikiria hilo. Mkono wa baba ukaishia kwenye nguzo. Niliogopa, Corinne. Kwa umri wake, niliona atarudi nyumbani bila kuamini, na nafasi nyingine hataipata.

Hapo akajitokeza Garnett Tolliver, ambaye wazee wake walikuja na meli hiyohiyo. "Mzee Elwood, subiri, nakuletea ngazi yenye magurudumu!" Akairudisha pikapu yake kinyumenyume hadi chini ya kibao, juu ya bustani ya akina mama wa kanisa.

"Garnett, maua yetu!"

"Yataota mengine, mama!"

Tukambeba baba, tukamsimamisha juu ya gari, sehemu ya mizigo. "Nishike vizuri, Tolliver," akasema. "Nikianguka, na hilo mtaliandikia kibao."

Alisoma kwa kidole polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye "watu wa mto huu" kidole kilisimama. Kikarudi nyuma, akasoma tena. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka. Garnett alimshikilia kiuno.

Aliposhushwa akauliza, "Iko wapi ile nyama yenu?" Akapewa kipande ndani ya mkate, akatafuna.

"Chumvi tupu! Na mbwa wangu miaka yote hii hakuniambia!"

Garnett alicheka hadi akajishikilia gari. Baba alikimaliza chote, akaomba kingine. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Nisalimie shangazi Opal, mumeo Reuben na Tamsin mdogo. Mungu awatunze, na awape jua la kutosha mwaka huu.

Punje za mahindi ulizozikuta ndani ya bahasha ni za mbegu ileile ya wazee wetu. Baba amezifunga kwa mikono yake. Anasema uzipande hata kama ni kwenye kopo dirishani, na mtu akikuuliza ni mahindi gani hayo, mwambie ni yale ya kwenye kibao.

Ni mimi nikupendaye na kukushukuru daima,
Verdelle