Ufa Niliouona Juu ya Duara Lako

Kulwa wangu,

Ardhi imezama tena. Safari hii nilikuwa nimesimama palepale, nikaiona ikienda. Wengine wananipa pole, wengine wananipa hongera. Nimeona heri nikuandikie wewe, nikueleze tangu mwanzo, maana haya yote yalianza na jambo dogo ambalo tulikuwa tukibishania kila tukikaa mezani: tununue kompyuta gani.

Unaikumbuka ile laptopu yetu? Uliipa jina la Bibi, kwa sababu ukiiwasha ilihema kama mtu aliyepanda kilima na debe la maji. Unakumbuka Maganzo, harusi ya binti wa dalali wa almasi? Wewe ulirusha droni, mimi nikashika kamera ya chini, na jioni baba wa bibi harusi akataka aonyeshwe kidogo kabla wageni hawajatawanyika. Tukafungua. Bibi harusi akaganda mdomo wazi, kipande cha keki kimesimama hewani, Bibi anahema, feni inapiga kelele. Yule mzee akainama kwenye skrini akauliza kwa huzuni ya kweli, "Mwanangu anapumua humo?" Ulitoka nje ukacheka mpaka ukashika nguzo ya turubai.

Baada ya aibu ile ukajifunza kutengeneza nakala nyepesi. Kila tulichopiga ulikipunguza kwanza, video ikawa ndogo yenye ukungu, tukahariri kwa hiyo. Watu walionekana kama siafu waliovaa vitenge, lakini angalau siafu walitembea. Tulizoea. Picha halisi, zile kubwa zenye kila jani na kila jiwe, zilikaa kwenye memori kadi na hatukuwahi kuzitazama kwa ukubwa wake.

Wewe ulitaka laptopu nyingine. Mimi nilitaka ya mezani.

"Kwa hela ileile ya mezani ina nguvu zaidi," nilikuambia. "Na ikichoka tunabadilisha kiungo kimoja, hatununui mwili mzima."

"Na meza utaibeba kichwani mpaka Nkome?"

Hatukufikia mwisho wa ubishi huo. Harusi zilipopungua ulirudi machimboni kama kawaida yako, ukashuka kwenye shimo la dhahabu, duara la Mama Shija, na wachimbaji wenzako wanaapolo. Jumapili ya mwisho ulikuja hapa Buseresere, ukala, ukanipa kadi. Ulikuwa umerusha droni juu ya kilima chenu kwa kujifurahisha. "Hii uihariri siku ukipata mashine ya maana," ukasema, ukarudi kazini. Mvua zikaja. Kisha Mama Shija akapiga simu, na kwa sauti yake nikajua kabla hajamaliza salamu kwamba duara limekufukia.

Droni niliisukuma uvunguni. Mama hakutaka hata kuisikia ikilia. Lakini baada ya mavuno alikuja kutoka Ushirombo, akafagia chumba changu, akaivuta kwa ufagio akaiweka juu ya kitanda. "Hiki kidude chenu kinaozea uvunguni kwa nini?" akauliza. Kisha akageukia mambo mengine. Nililia siku hiyo, halafu nikaanza kukusanya hela ya mashine.

Nilikwenda Kahama, dukani kwa mtu mmoja anayeitwa Baba Neema. Nikaamkia, nikaeleza shida yangu: nahariri video za droni, uwezo wangu mdogo. Kabla sijamaliza alishaniwekea laptopu mpya, nyembamba kama sahani, inang'aa.

"Hii dada yangu ndiyo wanayochukua vijana wote."

"Nichezeshee video yangu," nikamwambia, nikampa kadi ya harusi ya mwisho tuliyopiga.

Akachomeka. Kulwa, ile sahani ilifanya kama Bibi! Picha ikaruka, ikasimama, ikaruka. Baba Neema akapangusa skrini kwa kiganja, kana kwamba tatizo ni vumbi. Nilishtuka, kwa sababu kama nisingebeba kadi ningeinunua, ningelipa kwa ajili ya mng'ao. Kumbe haikuwa na kadi ya picha inayojitegemea, na RAM yake ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya binti yake.

Nikamwomba anionyeshe zilizotumika. Nyuma ya duka kulikuwa na kompyuta za mezani zilizotoka maofisini, nzito, kingo zimekwaruzika. Tulichagua moja yenye prosesa nzuri, tukaiongezea RAM ifike GB kumi na sita, tukaiwekea diski ya SSD ili ifungue upesi, na kadi ya picha ambayo nayo ilikuwa imetumika lakini nzima. Hela iliyobaki niliitia kwenye skrini kubwa na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Nikachomeka kadi tena. Video ikatiririka. Baba Neema mwenyewe akaita mkewe aje aone.

Alitaka kunipa programu ya kuhariri kwenye flashi, ile ya kulipia kila mwezi ambayo wajanja wameivunja kufuli. Nikakumbuka ulivyowahi kuweka ya namna hiyo na virusi vikala picha zote za ubarikio wa Ushirombo. Nikakataa. Nilipakua nyumbani ile ya bure, ambayo ni ya bure kweli, haiandiki jina lake katikati ya video wala haikatai baada ya wiki mbili. Ilinisumbua kuielewa, na aina fulani za video inazigomea mpaka uzibadilishe kwanza. Lakini inarekebisha rangi vizuri ajabu, unaweza kuinua giza la kivuli ukaona kilichomo ndani.

Sasa nisikilize vizuri.

Asubuhi moja, mashine iko tayari mezani, nikasema kazi yake ya kwanza iwe ile kadi yako. Nilikuwa sijaigusa. Nikafungua, na wewe hapo, Kulwa. Umesimama kando ya duara lako, kofia ngumu umeishika mkononi, unaipungia droni inavyopanda. Meno yako naona. Tope kwenye goti la suruali naona. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini nilijikuta natabasamu kama mwendawazimu.

Droni ikapanda zaidi. Jua lilikuwa la asubuhi, limelala, sehemu moja ya kilima ikiwa kivulini. Nikainua mwanga wa kivuli kidogo, kwa kutaka tu picha ipendeze. Ndipo nikaona mstari. Ulikuwa mwembamba, mweusi, ukianza nyuma ya rundo la kifusi, ukipinda taratibu, ukipita chini ya magogo ya matimba mliyoyalaza pale kusubiri kushushwa kuegemeza kuta, ukizunguka karibu duara lako lote. Niliirudisha video. Nikaisimamisha. Nikaikuza. Ulikuwa ufa.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Ulikuwa umeupiga picha mwenyewe. Ulisimama ndani ya ule mviringo ukicheka, na ardhi ilikuwa imeshaanza kuachana na kilima. Nikaitafuta nakala nyepesi ya video hiyohiyo uliyoitengeneza kwenye Bibi Jumapili ile, nikaifungua. Hamna kitu. Ukungu tu, na wewe ni siafu anayepunga mkono.

Sikujua mwili wa mtu unaweza kuwa baridi vile saa nne asubuhi, jua liko nje. Nilitaka kuita mtu. Jina lililonijia mdomoni lilikuwa lako.

Kisha nikamkumbuka Mama Shija. Baada ya msiba wako alihamia upande wa pili wa kilima, akafungua maduara mengine, na wengi wa wenzako walimfuata. Nikachukua droni, nikapanda bodaboda.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma. Alikuwa amekaa kwenye banda la mama lishe, anakula ugali na dagaa. Aliponiona uso wangu aliacha kula.

"Kuna nini, Doto?"

"Naomba nirushe droni hapa. Nitaeleza nikishaona."

Hakuuliza tena. Nikarusha juu ya maduara yake yote, polepole, nikarudi Buseresere mbio, nikafungua. Kulwa, nilijua kabla picha haijafunguka, na hata hivyo nilipiga kelele. Mstari ulikuwa pale, mpana kuliko wako. Ulitokea kwenye kichaka, ukapita nyuma kabisa ya banda la mama lishe, ukayakumbatia maduara yote matatu.

Nilimpigia simu Mama Shija. Hakunielewa. Nikaona maneno hayatoshi, nikazihamishia kwenye simu video zote mbili, yako na ya siku ile, nikarudi. Wanaume walikuwa wamepumzika kabla ya zamu ya kushuka. Wakanizunguka. Ng'wandu, yule mrefu mliyekuwa mkila naye sahani moja, akaitazama picha akatikisa kichwa.

"Hii ni njia ya ng'ombe, Doto. Ng'ombe wanapita hapa kila siku kwenda kunywa maji."

"Ng'ombe gani anazunguka shimo asiende popote?" nikamuuliza.

Wengine wakacheka. Mmoja akasema nimeingiwa na woga tangu msiba, na wakisimamisha kazi kila mtu mmoja akiogopa, watoto wao watakula woga. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nikawaonyesha video yako. Kicheko kikakatika. Wote walikujua. Walikuona unapunga, halafu nikawaonyesha kwa kidole, kuanzia kifusi, chini ya matimba, mpaka pale mstari ulipopotelea.

"Hii alipiga lini?" Ng'wandu akauliza, sauti imebadilika.

"Wiki aliyokufa."

Mama Shija aliinuka, akavunja mti wa uzio, akaenda nyuma ya banda. Tulimfuata. Kwa chini palionekana majani tu na vumbi. Akachoma mti ardhini mahali nilipomwonyesha. Ukaingia. Akausukuma, ukaingia wote, mpaka mkono wake ukagusa udongo. Akageuka, na sijawahi kumwona yule mama akiwa na uso kama ule.

"Hakuna kushuka," akasema. "Aliye chini apande. Sasa hivi."

Waliokuwa chini walivutwa kwa kamba, mmoja mmoja, wakitukana kwa kukatizwa kazi. Mama lishe alibeba sufuria zake na mtoto mgongoni. Tukakaa upande wa barabara. Saa zikapita, hamna kitu. Manung'uniko yakaanza. Mtu akasema ameacha shati lake duarani, anakwenda kulichukua, na Ng'wandu akamkamata mkono.

Walikuwa bado wanavutana ardhi ilipoenda.

Nilidhani itakuwa na mlio kama radi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama mtu mkubwa mno anavuta pumzi. Banda likazama wima, paa lake la bati likatoweka, kisha kichaka, kisha vumbi likapanda tukawa hatuonani. Lilipotua, kilima kilikuwa na mdomo. Mama Shija aliketi chini kwenye mchanga na kuanza kutaja majina, moja baada ya jingine, na kila aliyetajwa aliitika. Walipokwisha wote kuitika alianza upya.

Mara ya pili nilitajwa na mimi, nikainua mkono.

Wataalamu wamekuja, wamezungushia kamba, wamesema watu wasisogee. Mama Shija amesema haanzi tena mahali popote kabla hajapaona kwa juu. Vikundi vingine viwili vimenipigia simu. Nitakwenda, ingawa naogopa kufungua video nyingine. Mama nimemwambia habari za kuzama. Habari za kadi yako bado. Najua lazima aone ukicheka, lakini sijui nitafanyaje akiniuliza ule mstari ni wa nini.

Leo asubuhi Ng'wandu alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nikamtolea kiti. Nikapika chai. Tulikunywa mpaka vikombe vikaisha, kisha akaniuliza, "Ile pumzi ya ardhi, na wewe bado unaisikia?"

"Naisikia," nikamjibu.

Akaitika kwa kichwa. Akaniambia mkewe amemkumbatia jana mbele ya majirani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kwamba watoto wake walifikiri baba amerudi safari ya mbali. Alipoondoka alisahau kuaga.

Basi, Kulwa. Hasira niliyonayo sijui niielekeze wapi. Si kwako, ulikuwa unacheka. Si kwa Bibi, alikuwa mzee. Labda ni kwa udongo. Nakulilia upya kana kwamba wamenipigia simu leo, na papo hapo nataka kupiga vigelegele, na hivi viwili vinagombana kifuani mwangu hata sijui kipi changu.

Ulitangulia kuzaliwa, nikakufuata. Ukatangulia kuondoka, na najua kule uliko huenda ungependa ujirani wa wenzako mliokuwa mkishuka pamoja. Nisamehe upweke huo. Hao sikuwaruhusu wakufuate.

Pumzika, kaka.

Ni mimi niliyekuja nyuma yako,
Doto