Punda wa Mama Asiuzwe

Maskati

Dada Nyemo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na watoto wanakula? Mimi ni mzima. Naendesha lori la maji kubwa kuliko kanisa letu, na hapa kambini hata Wapakistani wananiita Mkuu. Shule iliniacha darasa la sita, dunia ikanimalizia, kwa hiyo nivumilie herufi tu, maneno yenyewe yako sawa.

Ujumbe wako ulinikuta kwenye foleni ya kujaza maji. Kwamba kaka Lameki anabomoa zizi la mama ajenge vyumba vya kupangisha, na mnunuzi wa punda anakuja Jumamosi kumchukua Ova. Nikafunga bomba tangi likiwa nusu. Arobaini ya mama haijafika. Bosi aliponinyima ruhusa ya kuja kuzika, nilimeza. Hili halimezeki.

Kwa simu mimi na kaka hugeuka majogoo, ndiyo maana naandika. Barua hii naipiga picha naituma, umsomee yote. Kaka alikuwa Mbeya mwaka ule Ova alipopatikana, na wewe ulikuwa umeolewa Busi. Hamkuona.

Nilikuwa utingo wa kenta, lori dogo la mizigo. Tumetoka Haneti, nyuma tuna punda kijana wa mteja, kafungwa kwenye bomba la bodi, na mbele askari tuliyempa lifti. Korongoni maji yalifika magotini. Dereva akasema, "Hapa tunavuka tunapiga mluzi." Injini ikazima katikati, na maji ya mvua ya huko juu yakashuka yote kwa pamoja. Tukapanda juu ya kabini. Mimi, unavyonijua, nikaendelea kuwachekesha mpaka kenta ikasogea yenyewe. Hapo utani ukaniisha.

Askari akaita kwa redio yake ya mkononi. Zamu ya chumba cha redio cha polisi Dodoma ilikuwa ya mama.

"Mko wangapi?"

"Watatu, afande. Dereva, mimi na utingo. Utingo ni Yohana wako."

Sauti ikajibu ileile, kavu, kama anasoma namba ya gari:

"Nimekupata. Watatu. Na huyo ninayemsikia analia?"

"Punda, afande."

"Basi mko wanne. Kafungwa? Mkatieni kamba sasa hivi, ajiokoe. Gari linakuja. Usizime redio."

Dereva akanigeukia. "Mama yako mzima huyu? Tunakufa, anauliza punda."

Nikashuka kwenye bodi, maji kifuani, nikakata kamba kwa kisu cha kumenyea maembe. Ushujaa huu nimewasimulia watu wa mataifa mengi, ila sijawaambia kwamba nililia kumzidi punda.

Akaogelea, akaibukia huko chini kwenye shamba la mtama. Wenye shamba walipomwona kalowa, kipande cha kamba shingoni, wakajua juu kuna watu. Wakaja mbio na kamba zao, wakatuvuta mmoja mmoja. Gari la polisi lilipofika, sisi tuko ng'ambo tunatetemeka, na kenta imeshakwenda na maji.

Mama alipotoka zamu alikuja hospitali tulikopelekwa, akanikagua kama ananinunua mnadani. Kisha akauliza, "Mwenzenu wa nne yuko wapi?" Mwenye punda akampa awe wake. Akamwita Ova, lile neno lao la redioni la kumaliza kusema, maana kila ukimaliza kusema, punda anajibu. Alipostaafu uani pakajaa mbwa wa barabarani na paka wa jicho moja, na kila jioni aliwaita kwa majina. Halali mtu mpaka wote wamepatikana. Wewe mwenyewe uliniambia hata kitandani, siku ile ya mwisho, aliuliza kama Ova amerudi.

Kaka si mtu mbaya. Ana watoto wa kusomesha, na Dodoma ya sasa kila mtu anapangisha. Mwambie hivi: kiwanja changu cha nyuma, kile nilichoutangazia mtaa mzima kwamba nitapandisha ghorofa lenye roshani, achukue, ajenge vyumba vyake huko. Sisemi kwa hasira. Zizi lisiguswe, na Jumamosi ufunguo wa geti ukae nao wewe.

Msalimie baba mdogo wa Makutupora, mwambie zabibu za huku nzuri kwa macho tu. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na mama jirani aliyemfumba mama macho. Huyo mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Nikirudi nitalala chumba cha mama, dirisha la upande wa zizi.

Mdogo wako asiye na ghorofa,
Yohana