Mkeka wa Banda la Nyanya

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa Kihesa hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila mahindi anapalilia mwenyewe na ukimkataza ananuna. Sijui huko Iyunga baridi ikoje.

Umeniuliza kama kulala kidogo mchana ni uvivu, maana ukijinyoosha kazini baada ya chakula unaamka na akili nyepesi, lakini unaona aibu. Ngoja nikusimulie yangu.

Nilipoolewa Ilula, mama mkwe wangu alikuwa mkali. Mkamwana kulala jua likiwa juu ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Siku moja tukichagua nyanya za kuuza barabarani, nilisinzia nikachanganya mbovu na nzima. Hakunigombeza. Kesho yake, baada ya ugali, akaniambia, "Nenda bandani ukalinde nyanya."

Nikakuta mkeka umetandikwa. Nikawaza, nalinda nini wakati mlango una kufuli? Nikalala. Nilipoamka mikono ilikuwa myepesi, na jioni ile sikuharibu hata tenga moja. Ikawa hivyo kila siku, na hatukuwahi kulizungumza.

Halafu siku moja nilitoka bandani mapema kunywa maji. Nikamkuta mama mkwe jikoni amelala fofofo, mdomo wazi. Nikanyata kurudi bandani, nikaendelea kulinda.

Mpaka leo sijui alikuwa ananificha mimi au anajificha yeye. Wewe lala tu, mjukuu wangu. Ila kwanza chungulia kwa bosi wako, uone saa hizo anafanya nini.

Bibi yako