Blanketi la Umeme la Mama

Jumatatu, 7 Julai
Ukungu hapa kijijini Mbulumbulu mpaka saa nne. Nimempima Mama sukari, nimempa uji, nimetandika. Leo ataanza kulalia blanketi la umeme. Hoteli ninayofanya usafi wa vyumba, kule Ngorongoro, ilileta mapya, nikaomba moja kuukuu. Nimelivuta likanyooka, pembe nikazichomeka chini ya godoro kwa nguvu, kama tulivyofundishwa kazini. Halina kunyanzi hata moja. Mama kacheka: "Kitanda cha Mzungu hiki. Nitaingilia wapi?" Nimejiona mtu.

Jumatano, 9 Julai
Chumbani kwa Mama kuna harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Anasema ni moshi wa jikoni. Jiko letu liko nje. Nimeacha hivyo hivyo. Uvivu tu.

Alhamisi, 10 Julai
Asubuhi, namwosha miguu. Lengelenge kisigino cha kulia, kubwa kama yai la njiwa. Yeye hana habari. Sukari iliua hisia za nyayo zake miaka mingi, na mimi ninajua, ndimi ninayemkata kucha!
Nimechomoa waya ukutani. Nimeinua godoro. Miguuni, pale nilipochomeka pembe, nyaya za ndani zimejikunja na kitambaa kimekuwa cha kahawia. Kazi ya mkono wangu huu. Kwenye lebo kuna mchoro wa blanketi lililokunjwa, juu yake alama kubwa ya X. Sikuwahi kuigeuza.

Ijumaa, 11 Julai
Zahanati. Nesi hakuzunguka: "Mgonjwa wa sukari unamlaza juu ya umeme usiku kucha? Hilo huwashwa kupasha kitanda, akipanda linazimwa. Na mwenye miguu hii halimfai kabisa." Nimeinamisha kichwa. Mama akanitetea, eti alilala vibaya. Nikamwacha aseme. Nimejichukia.

Jumamosi, 12 Julai
Lengelenge limepasuka. Pembeni kuna weusi, au ni kivuli? Nimetazama mara sita. Mzee jirani yetu alianza na kidonda hivi hivi. Leo ana mguu mmoja na magongo.
Nimepiga simu kazini: likizo inaisha leo, lakini kesho sirudi. Meneja kakasirika. Akasirike. Nimekata waya wa blanketi kwa kisu, mtu asije akaliokota akalitumia.

Jumapili
Mama ana homa kidogo. Sikwenda kanisani. Naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Homa ilishuka juzi. Leo nesi amesema nyama mpya inaota, nyekundu, safi. Nimelia mlangoni kwake bila aibu.
Tulipofika nyumbani nikamwambia Mama ukweli, kwamba ni mimi niliyelikunja blanketi likaungua. Kisha akasema harufu aliisikia tangu Jumanne, na alijua si moshi.
"Umeniletea zawadi, mwanangu, umeibeba kutoka mbali. Ningeanzaje kuitia kasoro?"
Nimemfunga bandeji, nikamvalisha soksi, tukakaa.