Nilichomwambia Radek kwenye Simu

Alhamisi, 1 Novemba 2018
Sikukuu ya Watakatifu Wote. Hakuna darasa la lugha. Nimekwenda makaburini na Bi Wiesława, mwenye nyumba wangu. Tumelisugua kaburi la mumewe, tukawasha mishumaa. Akanisomesha mawe: huyu mwanamume *umarł* — amekufa. Na mwanamke? *Umarła*, nikajibu. Akacheka. Eti Machi nilipofika sikuweza hata kuomba chumvi.

Mwanawe Radek hakuja. Yuko Norwei, anakata samaki kiwandani. Hawajaongea tangu Pasaka. Waligombana — kwa nini, mama hasemi.

Jumanne, 6 Novemba
Ameanguka jikoni. Nimetoka darasani nikamkuta sakafuni, mdomo umepinda, viazi nusu vimemenywa. Daktari anasema kiharusi. Akauliza ndugu zake wako wapi.

Nikampigia Radek kutoka kwenye korido ya hospitali. Sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi mara tatu: mama yako ameanguka. Kisha akalia, mtu mzima, kwa sauti. Akasema maneno mengi, mbiombio. Sikushika kitu. Nikaitikia tu — ndiyo, ndiyo, pole.

Jumatano, 7 Novemba
Mwalimu Halina ameniambia nirudie nilivyosema kwenye simu. Nikarudia. Akavua miwani.

“Gayane. Kuanguka ni *upadła*. Wewe umesema *umarła*.”

Nimemwambia mtu mama yake amekufa.

Tumempigia mara sita. Simu imezimwa.

Alhamisi, 8 Novemba
Kengele saa nne asubuhi. Radek mlangoni, suti nyeusi, shada la msiba mkononi.

“Yu hai,” nikasema. “Nilikosea neno. Nisamehe, kaka.”

Akakaa kwenye ngazi, shada magotini. Nilitegemea anitukane. Akauliza tu wodi namba ngapi.

Shada hatujui la kulifanya. Nimeliweka kwenye balkoni.

Jumamosi, 10 Novemba
Naandika kando ya kitanda. Bi Wiesława hasemi, lakini jicho moja linafuata watu. Daktari anasisitiza: anasikia, zungumzeni naye.

Radek anazungumza naye. Siku ya tatu hii — bei ya tufaha, treni ilivyochelewa, theluji ya Norwei. Mama anamtazama mdomo, anangoja. Radek anarudi kwenye tufaha.

Mchana alinivuta pembeni. “Dada, siku ile kwenye simu, ulielewa nilichosema?”

“Hata neno moja.”

Akashusha pumzi. Sijui ni nafuu au ni nini. “Yalikuwa ya mama. Nilikumwagia wewe kwa sababu nilidhani hayupo tena.”

“Basi mwambie. Yupo. Anasikia.”

“Ndiyo maana siwezi,” akasema, akashuka uani.

Kuanzia saa tisa pumzi za mama zimebadilika. Anavuta moja, anakaa, nami nakaa naye mpaka avute nyingine. Muuguzi amepima presha mara mbili. Amesema polepole, ili nielewe: mwite mwanawe, asichelewe.

Nimefungua dirisha. Radek yuko chini, karibu na baiskeli, na sigara. Nimemwita kwa jina. Ameinua kichwa, ameniona, na ameona mkono wangu unavyomwita. Nimeshika vidole vya mama, bado vina joto. Sigara ameshaitupa.

Lakini hajasogea.