Kondoo Aliyenishusha Angani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia hapa Sekei. Mguu wa bibi yako una nafuu, na migomba imebeba.

Unauliza: rubani wa leseni binafsi akimrusha rafiki bure, kisha akapewa shukrani, je, hiyo ni biashara?

Nilikuwa na leseni kama yako, isiyoruhusu kubeba mtu kwa malipo. Mama wa jirani yetu Lomayani alizidiwa huko Simanjiro, na mvua ilikuwa imekata barabara. Nikaazima ndege ya mwajiri wangu, nikamfuata, nikamfikisha hospitali, akapona. Sikuomba kitu. Baadaye Lomayani akaniletea kondoo dume, mkia umejaa mafuta. Unajua kwetu: ukimrudisha kondoo wa shukrani, umemtukana mtu na ukoo wake. Nikampokea.

Wakaguzi wa anga walipokuja kuuliza habari za safari ile, walimkuta Lomayani. Angesema tu kwamba nilimsaidia. Lakini yale majivuno yake! "Mimi si ombaomba," akawaambia. "Yule nimemlipa kondoo mzima."

Wakaniambia malipo ni malipo, hata yakiwa na mkia. Leseni ikachukuliwa.

Kanuni za huko uliko zisome mwenyewe. Ila kabla hujampakia mtu, jiulize atasema nini akiulizwa nawe hupo.

Lomayani tunakutana kanisani kila Jumapili. Hunipa mkono kwa furaha, kama mtu asiyedaiwa kitu. Na kweli hadaiwi. Alilipa.

Babu yako