Jezi Namba Saba na Chumvi ya Bibi Roza

Mdogo wangu Mussa,

Nakuandikia kutoka Kikwajuni, nyumba ile ile, na kamba ya kuanikia nguo bado iko pale pale ulipoifunga wewe, chini mno, kila mgeni mrefu anajikwaa nayo shingoni. Sina anwani yako mpya, na ile ya zamani imenyamaza. Kwa hiyo barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi, aisome anayetaka, maana huenda miongoni mwa wasomaji akawemo baharia mmoja anayekujua, akakwambia kuwa dada yako anakutafuta.

Unakumbuka siku za mechi? Baba alipokufa alituachia pasi ya mkaa, beseni mbili na kazi ya udobi, na timu ya mtaa ikaniachia mimi jezi zake, kama zilivyokuwa mikononi mwa baba. Nyekundu iliyokoza, mkanda mweupe kifuani. Nikizifua, nikiutia bluu ule mkanda mpaka ung'are, kisha siku ya mechi baada ya sala ya adhuhuri nikiweka chetezo uani na kuzifukiza udi, moja moja. Wachezaji wakija kuzichukua hapo hapo. Ilikuwa lazima jezi itoke mkononi mwangu, mkono wa kulia, na nimtaje mwenyewe kwa jina lake. Asiyetajwa hakuingia uwanjani. Alivyofanya baba ndivyo nilivyofanya mimi.

Wewe ulikuwa wa mwisho siku zote. Wenzako wameshafika uwanjani Mnazi Mmoja, wewe ndiyo kwanza unaingia na kiatu kimoja mguuni na kimoja kwapani.

"Saba yangu wapi, Dada?"

"Saba ipo. Akili yako ndiyo nnayoitafuta."

Ukicheka, ukiinamia moshi wa udi kidogo kama mtu anayenawa uso, kisha ukitoka mbio. Mimi nikibaki kwenye baraza kusikiliza. Kutoka kwetu kelele za uwanjani zinasikika vizuri, na nilikuwa najua kelele zako. Ulipopata mpira pembeni watu walianza kwa kunong'ona, halafu sauti ikipanda taratibu, halafu ikipasuka. Nilijua umefunga kabla hujarudi kujisifu.

Mwaka ule wa 1964 mapinduzi yalipotokea, uwanja ulikaa mtupu na jezi zikakaa kwenye kasha. Mpira uliporudi, watu wa timu walikuwa wamepungua. Wengine walihama, wengine hatukuuliza. Ulicheza misimu miwili, na nikaona moyo wako haupo tena pembeni ya uwanja, uko bandarini. Ulipopata kazi ya melini hukuniaga usiku kwa machozi, na nakushukuru kwa hilo. Ulinipa jezi asubuhi, haijafuliwa, ina jasho la mechi ya jana yake.

"Usimpe mtu, Dada. Nnarudi."

"Nimpe nani, na imenuka hivi?" nilikwambia. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaahidi.

Ulirudi mara moja tu. Ulisimama mlangoni na koti zito lisilofaa kwa jua letu, ukasema, "Shikamoo, Dada." Nikasema, "Marahaba, mtoro wewe," na nikakaa chini hapo hapo kwenye kizingiti. Ulikaa mwezi mmoja, na mwezi mzima baraza yetu ilikuwa na habari moja tu, timu ya ule mji wa Kifaransa ulikopanga chumba.

Tulikuchoka, wallahi, na tulikufuata. Ulianza tangu mwanzo, kama maulidi. Timu ilianzishwa na wapakizi wa bandari na wasokota kamba, watu wanaonuka lami, na uwanja wao wa kwanza ulikuwa kando ya reli. Mpira ukipigwa juu sana ulikuwa unaangukia kwenye behewa la wazi na kusafiri mpaka mji wa pili, na wachezaji wote walikaa chini kusubiri treni ya kurudi. Fundi Said, mshonaji na mwenyekiti wa timu yetu, alicheka mpaka sindano ikamwanguka. Ukatwambia walivyopanda daraja la kwanza wakapigwa kila Jumapili mpaka wakashuka, wakapanda tena. Ukatwambia walivyofika fainali ya kombe wakashindwa, na mji mzima ukaenda kuwapokea stesheni kwa matarumbeta kama washindi. Uliwapenda, nilikuona. Na rangi zao zilikuwa nyekundu na mkanda mweupe, na ukaapa kuwa hiyo ndiyo sababu uliteremka melini na kutafuta chumba pale.

Halafu ukanigeukia mimi. "Dada, na huko kuna mwenzio."

Ukanieleza habari za Bibi Roza, mwenye nyumba yako, aliyekuwa akifua jezi za timu ile tangu usichana wake. Ilipokuja vita, Wajerumani waliugeuza uwanja kuwa maegesho ya magari ya jeshi, wachezaji wakatawanyika, na yeye akazikunja jezi zote akazifukia kwenye pipa la samaki wa chumvi, maana askari hawakuwa na hamu ya kupekua harufu ile. Zilikaa humo vita vizima. Vita vilipokwisha akazitoa, akazifua, akazifua tena, na mechi ya kwanza ikachezwa. Ulisema mabeki wa timu pinzani walilalamika kwa refa kuwa hawawezi kumkaba mtu anayenuka ng'onda. Baraza nzima ilicheka. Na ukamalizia kuwa wachezaji wawili hawakurudi kutoka vitani.

Mimi sikucheka sana. Nikauliza, "Na jezi zao, hao wawili, alizifanya nini?"

Ulinitazama. Habari zote hizo za treni na makombe, hilo hukuwahi kumwuliza. "Nikifika ntamwuliza," ulisema. "Ntakuletea jibu."

Ukaondoka, na jibu nikalingoja. Kwanza zilikuja kadi zako zenye picha za bandari, halafu hazikuja. Baharia mmoja wa hapa Malindi alisema alikuona kwenye bandari nyingine, umekonda, unatafuta meli. Mwingine akasema si wewe. Tangu hapo, Mussa, sijui nikuweke wapi. Nikikaa kula nakutia kwenye chumba chako kwa Bibi Roza, nikilala nakutia kwenye meli, na nikiamka sina pa kukutia. Watu wenye maiti yao wana kaburi. Wenye msafiri wao wana barua. Mimi nina kamba iliyofungwa chini mno.

Kilichonibakia ni redio ya Fundi Said. Yeye Mngazija, Kifaransa anakielewa, na Jumapili jioni anatafuta stesheni ya huko ili asikie matokeo. Mimi nakaa na kushona vifungo vya wateja wake, sielewi neno, nasubiri jina la mji wako tu. Linapita haraka, katikati ya majina mengine, na Fundi Said ananinyooshea kidole, "Wameshinda," au "Wamefungwa." Mwaka huu akaniambia wameshuka daraja. Nililia, nakiri, kwa habari za watu wasiojua kuwa niko duniani. Fundi Said alidhani nalilia timu.

Jezi yako niliitunza kama nilivyoahidi. Niliifua, nikaiweka kwenye kasha pamoja na asumini, na kila siku ya mechi niliitoa nikaifukiza udi pamoja na nyingine, nikaitaja, "Mussa," kisha nikairudisha. Mchezaji wa pembeni alivaa fulana nyekundu ya dukani isiyo na mkanda, namba saba imekatwa kwenye shuka kuukuu. Hakuna aliyenisemesha. Nilidhani wananielewa.

Sasa anayecheza nafasi yako ni Ame, mtu wa Tumbatu, mchukuzi wa magunia ya karafuu pale bandarini. Mtu wa maneno machache na mbio nyingi. Mechi ya juzi refa mpya alimtoa kabla ya filimbi ya kwanza, kwa kuwa nguo yake haifanani na ya wenzake, na timu ikacheza pungufu na kufungwa. Refa akaongeza kuwa mara nyingine itakuwa vivyo hivyo. Jioni ile Fundi Said alikuja na mkewe, Bi Zaina, na Ame nyuma yao, amebaki mlangoni.

"Mwajuma, mwanangu," alianza Fundi Said, "tunaiomba ile saba."

"Ina mwenyewe."

"Naam. Hatukatai. Lakini hayupo."

"Hayupo hapa," nilisema. "Fundi, nyekundu ile utaipata wapi ushone nyingine? Basi shona!"

"Kitambaa hakuna mji mzima, unajua. Sabuni yenyewe unapanga foleni."

Niliwaambia habari ya Bibi Roza, kana kwamba hawakuisikia kwa masikio yao kwenye baraza hii hii. Nikasema yule alitunza vita vizima na mimi ntatunza. Sauti yangu ilipanda mpaka majirani wakafunga madirisha kwa adabu, wakabaki nyuma yake kusikiliza. Ndipo Bi Zaina, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akanishika mkono.

"Mwajuma, nikwambie kitu nawe usinikasirikie?"

"Sema."

"Nguo inayofukizwa udi, ikatajwa jina la mtu, kisha isivaliwe, ikakunjwa. Hiyo nguo gani?"

Ame pale mlangoni akainamisha kichwa. Unajua na wewe ni nguo gani. Wewe na mimi tulimfukizia baba nguo yake ya mwisho, uani hapo hapo, kwenye chetezo hicho hicho. Miaka yote, Mussa, mtaa mzima ulikuwa ukiniona kila wiki nakukunjia sanda, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Na mimi nilidhani nakuweka hai!

Waliondoka bila jezi. Bi Zaina aliniachia bakuli la uji wa mchele, sikuugusa. Nilikaa na lile kasha, na sikuwa na mtu wa kumwuliza isipokuwa bibi mmoja wa Kizungu nisiyemjua, aliye mbali, ambaye hata wewe ulisahau kumwuliza. Nilijaribu kumwona anavyolifungua lile pipa. Nikajiambia, mtu hafui chumvi ya miaka mingi hivyo, akafua na kurudia, ili ajaze sanduku. Alifua kwa sababu kulikuwa na mechi. Nilitaka awe alizihifadhi zile mbili, nilitaka sana, lakini kila nikimfikiria namwona ananyoosha mkono kwa vijana wawili wapya na kuwaambia wafanye haraka.

Siku ya mechi niliweka chetezo. Wakaja mmoja mmoja. Ame alikuja wa mwisho, nikashtuka, maana huyu hachelewi. Baadaye nilijua alikuwa amesimama nje anaona haya. Nikaishika saba kwa mkono wa kulia. Nilikusudia kusema jina la Ame, naapa nilikusudia. Midomo ikakataa. Likatoka lako.

Ame hakuipokea. "Da Mwajuma," alisema polepole, "mie Ame."

"Nakujua wewe Ame. Ngoja." Nikavuta pumzi, moshi ukaniingia machoni, na hiyo ndiyo sababu ya machozi niliyowapa. "Ame," nikasema. Akaipokea, akaivaa pale pale mbele yangu. Inambana mabegani. Wewe ulikuwa mwembamba.

Nikabaki kwenye baraza kama zamani. Nilikaa muda mrefu nikisikia zogo la kawaida, filimbi, mtu anamtukana refa. Halafu kukaja mnong'ono. Sauti ikapanda taratibu, ikapanda, na mimi nikasimama bila kujijua, mkono umeshika nguzo. Ikapasuka. Watu walipiga kelele nisizozisikia tangu ulipoondoka, na nilifurahi, Mussa, nilifurahi mpaka nikaona aibu, halafu furaha ikapita na nikajua kuwa si wewe, na kwamba masikio yangu, yaliyojua kelele zako, yanaweza kudanganyika. Niliingia ndani nikafunga mlango. Sijawahi kuwa peke yangu kama saa ile.

Jioni Ame alileta jezi imelowa, imechanika bega. Aliiweka kwenye beseni mwenyewe, kisha akasimama kama mwenye deni.

"Walikuwa wakiniita Mussa," alisema. "Uwanja mzima. Sikuwakatalia."

Nikamwambia akae ale. Alikula. Sahani ya pili ilikuwa haijashuka kwenye kabati muda mrefu, nikaipangusa kwa upindo wa kanga.

Bega nimeshalishona. Asumini imekwisha kwenye kile kitambaa. Sasa kinanuka jasho la mtu mwingine na karafuu kidogo, na nikikitia puani sikupati. Hilo ndilo nililolipa, na linaniuma mpaka sasa ninapoandika. Hitma yako sijaisoma na sitaisoma. Aliyenitaka niisome nimemjibu vibaya, nawe unaujua ulimi wangu.

Kwa hiyo ukimwona Bibi Roza usimwulize tena lile swali. Mpe salamu za mwenzake wa Unguja. Mwambie timu yake itapanda tena, imezoea. Na kama bado ana zile jezi mbili kwenye chumvi, azitoe.

Na wewe, ukirudi, utaingia kwa kuchelewa kama kawaida yako, kiatu kimoja kwapani, na utaniuliza saba yako wapi. Haimo kashani. Iko uwanjani, mgongoni mwa mtu mwenye mbio kukushinda. Njoo umnyang'anye.

Ni mimi dada yako, ambaye hata kamba hajaipandisha juu.